Hii Pampu Inaitwa Nani?

Mwaka wa tatu wa shahada yangu ya kwanza nilienda mafunzo kwa vitendo kwenye kiwanda kimoja kikubwa ambacho sitakitaja. Wiki ya pili, fundi niliyekuwa chini yake akanipa spana, akaniambia, “Dogo, tangulia pampu 102 B, anza kulegeza boliti za kifuniko. Imeshazimwa hiyo. Nakuja.”

“Sawa, mzee.” Nikaenda.

Pampu zilikuwa nne, zimepangwa mstari mmoja, zinafanana kama mayai. Nikahesabu kutoka kushoto: 101 A, 101 B, 102 A, 102 B. Ile ya nne ilikuwa imesimama kweli, haizunguki. Nikaweka spana kwenye boliti ya kwanza. Kabla sijavuta, mzee akatokea nyuma yangu. Hakupiga kelele. Alinishika mkono tu, akausogeza karibu na bomba. Joto lake nililisikia kabla hata sijaligusa.

Kumbe nilikuwa nimeingia kwa mlango wa nyuma. Kushoto kwangu ndiyo kulia kwa yule aliyezipanga. Pampu niliyotaka kuifungua ilikuwa 101 A, na ilikuwa imesimama kwa sababu ni ya akiba: imejaa maji ya moto yenye presha, inasubiri mwenzake azime ili iwake yenyewe. Kibati chake cha jina kilikuwepo, tena mahali panapostahili. Tatizo, aliyepewa kazi ya kupaka rangi alipaka kila kitu, pampu na kibati chake.

Tangu siku hiyo nimekuwa na hamu na jambo ambalo wanafunzi wengi wa uhandisi huliona ni kazi ya karani: kuvipa vifaa majina, na kuhakikisha jina moja lina maana ileile kwenye chuma, kwenye mchoro, kwenye kompyuta, stoo, na kwenye karatasi ya kibali cha kazi. Nataka nikuonyeshe kwamba ni uhandisi kamili, na kwamba ukikosewa watu hufa.

Usiku wa Illiopolis

Mimi niliishia kwenye aibu. Usiku wa tarehe 23 Aprili 2004, kwenye kiwanda cha Formosa Plastics kilichokuwa Illiopolis, jimbo la Illinois, Marekani, kosa la ukoo huohuo liliua watu 5 na kujeruhi vibaya wengine 3.

Kiwanda kile kilitengeneza PVC, ile plastiki ya mabomba ya maji unayoyaona kwenye kila duka la vifaa vya ujenzi. Inapikwa kutokana na kemikali iitwayo vinyl chloride, ambayo inashika moto kwa urahisi mno. Mapishi yenyewe hufanyika ndani ya masufuria makubwa ya chuma yaliyofungwa, yanayoitwa riakta. Riakta hizo zilipangwa makundi ya nne nne, kila kundi pacha wa mwenzake. Juu, ghorofani, ndiko zinakojazwa na kuoshwa. Chini ndiko kuna vali ya kumwagia.

Mwendesha mtambo mmoja alikuwa anaosha riakta D306. Alipomaliza, ilibidi ashuke ngazi akafungue vali ya chini ili maji ya kuoshea yatoke. Alishuka, akageukia upande usio wenyewe, akajikuta mbele ya D310, ambayo kwenye kundi lake iko mahali palepale ambapo D306 iko kwenye kundi lake. D310 ilikuwa katikati ya mapishi, ina joto na presha.

Hapa ndipo inapouma. Vali ilikataa kufunguka. Kulikuwa na kizuizi cha usalama kilichowekwa makusudi ili vali ya chini isifunguke riakta ikiwa na presha. Kwa maneno mengine mtambo ulimwambia, “Siyo mimi unayenitafuta.” Lakini kwa mtu anayeamini kabisa kwamba yupo D306, iliyo tupu, vali inayokataa ni vali mbovu tu. Jirani palikuwa na mpira wa hewa wa dharura unaoweza kukipita kile kizuizi. Bodi ya Marekani inayochunguza ajali za kemikali, CSB, ilihitimisha kwamba inaelekea ndivyo alivyofanya. Gesi ikamwagika, ikajaa jengo, ikalipuka.

Najua unachofikiria: mzembe. Na mimi nilifikiri hivyo. Lakini ripoti ya CSB inaeleza mambo mawili yanayobadilisha picha. Kule chini hapakuwa na geji wala taa ya kuonyesha riakta ipi iko katika hali gani, na hapakuwa na simu ya upepo ya kumuuliza mwenzako aliye juu. La pili, mwaka 2003, kwenye kiwanda kingine cha kampuni hiyohiyo huko Baton Rouge, mtu mwingine kabisa alikuwa amefungua vali ya chini ya riakta isiyo yenyewe. Watu wawili tofauti wakiteleza kwenye ngazi ileile, mimi siangalii tena viatu vyao. Naangalia ngazi.

Riakta zile zilikuwa na majina, tena yaliyo wazi. Kwa hiyo kuwa na jina hakutoshi. Jina linatakiwa liwe mahali mkono ulipo, wakati ule mkono unapofanya kazi.

Namba 6 na anayeicheza

Hebu turudi nyuma kidogo. Jina la kifaa kiwandani mafundi wanaliita tagi. Ni herufi chache na namba, kwa mfano P-101A, na kila kitu kinapewa: pampu, vali, tangi, kipima joto, swichi, mpaka vipande vya mabomba. Kiwanda kikubwa cha kusafisha mafuta kina makumi ya maelfu ya majina ya namna hii.

Kitu cha kwanza ambacho wengi hawakijui, na mimi nilikuwa mmoja wao: tagi si jina la chuma. Ni jina la kazi.

Watu wa mpira wakisema fulani “anacheza namba 6”, hawamaanishi namba iliyoandikwa mgongoni. Wanamaanisha nafasi, kazi ya kukaba katikati. Mchezaji akiumia, namba 6 haijaumia. Anaingia mtu mwingine anaicheza. P-101A ni hivyohivyo. Maana yake ni “kazi ya kusukuma maji kutoka tangi hili kwenda boila ile, mashine ya kwanza kati ya mbili”. Chuma kinachoicheza nafasi hiyo leo kina jina lake kingine, namba ya mtengenezaji, iliyogongwa kwenye kibati kilichotoka nacho kiwandani. Chuma kikiharibika kinapelekwa karakana, kinafungwa kingine. Tagi inabaki palepale. Namba ya mtengenezaji inabadilika.

Ukichanganya hivi viwili unapoteza habari muhimu sana. Chukua pampu inayoua beringi kila baada ya miezi mitatu. Kumbukumbu za matengenezo ukiziandika kwa tagi peke yake, utajua kwamba nafasi ya P-101A ina matatizo, lakini hutajua ni chuma kipi kilikuwa pale kila mara. Ukiziandika kwa namba ya mtengenezaji peke yake, utajua historia ya chuma, lakini hutajua kilikuwa kimefungwa wapi. Ukiziandika kwa vyote viwili, unaweza kuuliza swali ambalo daktari mzuri huuliza: anayeumwa ni mtu, au ni nyumba? Chuma kilichohamishwa kutoka 101A kwenda 103B kikiendelea kuua beringi kule kilikohamia, basi mgonjwa ni chuma, pengine shafti yake imepinda. Kikipona, na kile kilichoingia 101A kikaanza kuumwa, basi nyumba ndiyo mbovu: msingi unatikisika, au bomba linavuta pampu upande. Nimeona watu wanabadilisha pampu tatu kwa hela nyingi ili kutibu msingi wa zege.

Kiwango cha kimataifa cha ISO/IEC 81346 kimelichukua jambo hili kwa uzito hadi likawekewa alama zake. Jina linaloanza na alama ya = linahusu kazi, linaloanza na kistari cha - linahusu kitu chenyewe, na linaloanza na + linahusu mahali kilipo. Kifaa kimoja, majina matatu, na hakuna linaloruhusiwa kujifanya jingine.

Kusoma tagi kama mwenyeji

Jamii mbili za majina utakutana nazo sana. Ya kwanza ni ya ISA, chama cha wataalamu wa vipimo na udhibiti cha Marekani, ambacho kilitoa mwongozo wake wa kwanza wa alama mwaka 1949. Kiwango chao, ISA-5.1, kinasema hivi: herufi ya kwanza inataja kinachopimwa, zinazofuata zinataja kifaa kinafanya nini. P ni presha, T ni joto, L ni kina, F ni mtiririko. Kwa hiyo PT ni kifaa kinachopima presha na kutuma habari, LT ni cha kina, na PSV ni vali ya usalama ya presha, ile inayofunguka yenyewe presha ikizidi. Ishike hiyo PSV, tutaihitaji baadaye. Herufi ileile hubadilika maana kulingana na ilipokaa, ndiyo maana TT siyo kosa la uchapaji: T ya kwanza ni joto, T ya pili ni kutuma. Ukishaizoea unasoma mchoro wa mtambo kama gazeti.

Ya pili ni KKS, iliyozaliwa Ujerumani miaka ya 1970 kwa ajili ya vituo vya umeme. Inatisha kwa macho, lakini ina akili. Mfano: 10LAC20AP001. Ile 10 mwanzoni ni mtambo namba 1 wa kituo. LAC ni mfumo wa pampu za kulisha maji kwenye boila. 20 ni mstari wa pili wa mfumo huo. AP ni pampu, 001 ni ya kwanza. Vali kwenye mstari huohuo zitaanza na 10LAC20 pia, kisha AA, ambayo ni herufi za vali. Yaani jina linabeba ukoo. Ukiliona tu unajua mtu huyu ni wa nyumba ipi, ana ndugu gani. Na waliobuni KKS walikataza herufi I na O, kwa sababu zitachanganywa na 1 na 0. Nilipoliona hilo nilicheka, nikakumbuka nimewahi kupoteza mchana mzima nikitafuta faili lililoandikwa O mahali pa sifuri.

Ukoo unasaidia zaidi pale mitambo inapokuwa pacha. Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji lina mashine 9 za kufua umeme, kila moja megawati 235, jumla 2,115. Kila mashine ina beringi zake, vipima joto vyake, vali zake za maji ya kupozea, na kila kimoja kina ndugu wanane wanaofanana naye. Fundi akiambiwa tu “kipima joto cha beringi ya juu kimekufa”, anaweza kwenda sehemu tisa.

Majina mengi ya kitu kimoja

Sasa tuje kwenye taarifa. P-101A haiishi kwenye pampu peke yake. Ipo kwenye mchoro wa mtambo, kwenye mchoro wa umeme, kwenye orodha ya mota, kwenye programu ya matengenezo, kwenye skrini ya chumba cha kuongozea mitambo, kwenye kabati la stoo, kwenye kitabu cha mtengenezaji. Hizo orodha zimeandikwa na kampuni tofauti, miaka tofauti. Mmoja kaandika P-101A. Mwingine P101A. Mwingine P-101 A, kaacha nafasi. Mwingine 101-P-A. Wewe na mimi tunaona pampu moja. Kompyuta inaona pampu nne, na haioni aibu yoyote.

Matokeo yake si ya kufikirika. Kwenye kiwanda kilekile cha mafunzo, beringi ya aina moja ilikuwa imesajiliwa stoo kwa majina matatu: “beringi ya pampu”, “bearing 6309”, na “BRG P-101”. Pampu ilisimama siku mbili ikisubiri beringi iliyoagizwa kwa haraka na kwa bei ya haraka. Wenzake wanne walikuwa kwenye rafu, hatua kama 30 kutoka mezani kwa aliyeagiza, kwa jina la pili.

Mwaka 2004 taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ilitoa makadirio kwamba nchi ile ilipoteza dola bilioni 15.8 ndani ya mwaka 2002 kwenye majengo na mitambo mikubwa, kwa sababu tu taarifa hazikuweza kupita vizuri kutoka programu moja hadi nyingine na kutoka kampuni moja hadi nyingine. Takribani theluthi mbili ya hasara hiyo iliwaangukia wamiliki na waendeshaji, siyo wajenzi. Ukikaa ukafikiri inaeleweka. Mjenzi anakabidhi ufunguo na maboksi ya nyaraka, anaondoka. Anayebaki kutafuta karatasi kwa miaka 30 ni mwingine.

Ndiyo maana kampuni kubwa za mafuta na gesi zimekaa pamoja na kutengeneza kiwango kinachoitwa CFIHOS, kinachosema mapema, kabla hata ya mkataba kusainiwa, mjenzi atakabidhi taarifa zipi kwa kila aina ya kifaa na kwa majina gani. Ni hati kavu kupindukia. Nimeisoma, sikushauri uisome usiku.

Vali moja na karatasi mbili

Mfano ninaourudia kila ninapomweleza mtu jambo hili ni Piper Alpha. Lilikuwa jukwaa la kuchimba mafuta na gesi kwenye Bahari ya Kaskazini, kilomita kama 190 kutoka Aberdeen, Uskochi. Usiku wa tarehe 6 Julai 1988 lililipuka na kuungua. Walikufa watu 167. Uchunguzi uliongozwa na jaji Lord Cullen, na ripoti yake ya mwaka 1990 ilitoa mapendekezo 106. Ajali ile ilikuwa na sababu nyingi, tena nyingine hazihusiani kabisa na majina. Lakini mwanzo wake unahusiana.

Palikuwa na pampu mbili za kusukuma kondenseti, yale majimaji mepesi yanayotoka pamoja na gesi. Pampu A na pampu B. Moja inafanya kazi, nyingine akiba. Pampu A ilizimwa kwa ajili ya matengenezo makubwa. Kibali cha kazi kikaandikwa, lakini matengenezo yenyewe yalikuwa hayajaanza. Wakati huohuo kikundi kingine kilikuwa kinazunguka kukagua vali za usalama, na kikatumia nafasi hiyo kuiondoa vali ya usalama ya pampu A. Jina lake: PSV 504. Kibali cha pili kikaandikwa. Jioni ikafika vali haijarudishwa. Mahali pake pakafunikwa kwa flenji isiyo na tundu, ambayo haikukazwa vya kutosha kuzuia presha, na kibali kikasimamishwa mpaka kesho.

Karibu saa 4 kasorobo usiku pampu B ikazima na ikagoma kuwaka. Bila pampu, uzalishaji wote ungesimama, na umeme wa jukwaa ungeweza kukatika. Waliokuwa zamu walijua kuhusu kibali cha pampu A, na walijua matengenezo hayajaanza. Kwa hiyo, kwa walichokuwa nacho, pampu A ilikuwa nzima. Wakaamua kuirudisha kazini. Kibali cha PSV 504 hawakuwa na habari nacho. Flenji nayo usingeiona ukiwa umesimama kwenye pampu, kwa sababu vali ile ilikuwa juu, mbali na pampu yenyewe. Karibu saa 4 mlipuko wa kwanza ukatokea.

Tazama majina sasa. “Pampu A”. “PSV 504”. Kuna kitu gani ndani ya jina la pili kinachokwambia kwamba ni kiungo cha la kwanza? Hakuna. Ili ujue, lazima uwe na mchoro mkononi, au uwe umekaa pale miaka mingi, au mtu akuambie. Mfumo wa vibali haukuwa na utaratibu wa kuandika kwenye kibali kimoja kwamba kipo kingine kinachokihusu, na vibali vilivyosimamishwa viliwekwa ofisi nyingine, siyo kwenye chumba cha kuongozea mitambo. Kila karatasi ilisema kweli. Ukweli uliokosekana ulikuwa wa uhusiano kati ya hizo mbili.

Kwangu mimi hapa ndipo somo lote la usimamizi wa taarifa za mitambo lilipo. Watu wakisikia “mfumo wa tagi” wanawaza orodha: ndefu, imenyooka, haina makosa ya tahajia. Orodha ni mwanzo tu. Unachohitaji ni kwamba ukitaja pampu A, mfumo ukujibu na ndugu zake wote: vali yake ya usalama, mota yake, swichi ya mota, vali za kuitenga, na kila karatasi iliyo wazi juu ya yeyote kati yao. Jina linalobeba ukoo kama la KKS linasogeza hilo karibu, maana vali na pampu yake kwa kawaida huanza na herufi zilezile na mtu anaweza kustuka kwa macho tu. Programu za siku hizi za vibali zinaweza kukataa kabisa kutoa ruhusa ya kuwasha pampu ikiwa kiungo chake kimoja kina kibali kilicho wazi. Zinaweza, lakini kwa sharti kwamba kuna mtu alikaa akaingiza huo uhusiano, na akauingiza sawasawa.

Na angalia ile herufi ya mwisho, A au B. Ni alama ndogo kuliko zote kwenye tagi, na ndiyo inayotenganisha mashine iliyo hai na iliyofunguliwa. Viwanda vingi vinaiandika kwa ukubwa uleule wa herufi nyingine. Mimi ningeiandika kubwa mara tatu.

Tagi nayo inaweza kukuficha

Mkasa mfupi wa upande wa pili, ili usidhani kila kibati ni cha heri. Alfajiri ya tarehe 28 Machi 1979, kwenye kinu cha nyuklia cha Three Mile Island, Pennsylvania, pampu za dharura za maji ziliwaka kama zilivyotakiwa, lakini vali mbili za mbele yake zilikuwa zimefungwa. Ilichukua dakika 8 mtu kugundua. Taa za kuonyesha kwamba zimefungwa zilikuwepo mezani. Tume ya rais iliyochunguza iliandika kwamba taa moja ilikuwa imefunikwa na tagi ya njano ya matengenezo iliyoning'inia juu yake. Ya pili haikufunikwa na kitu, lakini nayo haikuonwa. Hiyo haikuwa sababu kuu ya ajali ile, kuna vali nyingine iliyogoma kufunga ndiyo iliyoleta balaa. Ila siwezi kuisahau ile karatasi ya njano.

Kutembea na mchoro

Basi kazi hii inafanywaje? Sehemu kubwa ni ya miguu. Unachukua mchoro, unakwenda kwenye mtambo, unafuata bomba kwa kidole kutoka mwanzo hadi mwisho, na kila unachokiona unakifananisha na karatasi. Kipo kwenye mchoro hakipo kwenye chuma? Andika. Kipo kwenye chuma hakipo kwenye mchoro? Andika kwa rangi nyingine. Siku hizi wengine wanatumia kamera za leza zinazopiga picha ya mtambo mzima, na vibati vyenye msimbo wa QR ambao simu inausoma. Vinasaidia sana. Ila msimbo wa QR uliobandikwa kwenye pampu isiyo yenyewe utakupa jibu la uongo kwa haraka zaidi.

Kuna sheria ndogo ambazo zinaonekana za kipuuzi mpaka zikukute. Kibati kifungwe kwenye sehemu isiyotolewa, siyo kwenye kifuniko, kwa sababu vifuniko viwili vikifunguliwa siku moja vinaweza kurudishwa kwa kubadilishana. Kisipakwe rangi. Na jina la kifaa kilichoondolewa lisipewe kifaa kipya, hata kama namba inaonekana imekaa bure: mahali fulani kuna mchoro wa zamani, au kumbukumbu ya matengenezo ya miaka 15 iliyopita, ambayo bado inamwita marehemu kwa jina hilo, na atakayeisoma hatajua kwamba anasoma habari za mtu mwingine.

Mimi adhabu yangu kwa kosa la 101 A ilikuwa hiyo kazi ya miguu. Mzee alinipa brashi ya waya, chupa ya tina, na mchoro uliokunjwakunjwa, akaniambia nianze kwenye zile pampu nne niende mpaka mwisho wa ukumbi. Ilinichukua siku tatu kukwangua rangi kwenye vibati vyote na kuviwekea alama ya vema kwenye mchoro kimoja kimoja. Viwili havikuwepo kwenye mchoro. Kimoja kilikuwa cha kipima presha ambacho hakikuunganishwa na kitu. Kingine kilikuwa cha vali, kwenye bomba la pembeni ambalo mzee alisema lilizibwa kabla yeye hajaajiriwa. Tukalishika bomba. Lilikuwa la moto.